Kiti cha Mjane

Mwezi wa Januari mwaka 1998, mvua za El Niño zikiwa bado hazijakatika, nilikalishwa kwenye kiti cha mjane, chini ya turubai lililokuwa likivuja, katika mazishi ya mwanamume ambaye sikuwahi kulala naye kitanda kimoja hata usiku mmoja. Wazee wa ukoo wake waliniita mke. Mama yake alinishika mkono tangu ibada ilipoanza mpaka udongo wa mwisho ulipotupwa, akawa ananifuta machozi kwa pindo la leso yake, na machozi yale yalikuwa ya kweli, kwa sababu marehemu alikuwa rafiki yangu kuliko ndugu zangu wa tumbo moja. Lakini kiti hakikuwa changu. Mwenye kiti alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na sufuria za wapishi, suruali yake imelowa tope hadi magotini, maana ndiye aliyewaongoza vijana kulisukuma gari la maiti lilipokwama mara mbili njiani.

Vijana huniuliza maisha ya watu kama sisi yalikuwaje Nairobi kabla ya kuwapo mashirika, yaani kabla ya GALCK, muungano wa mashirika ya wapenzi wa jinsia moja nchini Kenya, kuundwa mwaka 2006, na naona kwamba wengi hutaka niwape mojawapo ya majibu mawili: kwamba tuliteseka bila kupumua, au kwamba tuliishi raha mustarehe kwa kuwa hakuna aliyekuwa akitutazama. Nimejaribu kuyajibu yote mawili na yamenishinda. Ninachoweza ni kusimulia habari ya kiti kile, na jinsi nilivyofika pale nikiwa nimevaa gauni jeusi lililonikaa vizuri kuliko nguo yoyote niliyowahi kumiliki.

Nilikuja Nairobi mwaka 1990 kutoka Ukambani, nikajifunza upigaji taipu na hati mkato, nikapata kazi ya ukarani katika kampuni ya bima. Nilipanga chumba kimoja Eastlands pamoja na msichana tuliyejuana chuoni, na ndani ya mwaka mmoja tulikuwa tumekuwa kile ambacho hatukuwa na jina lake la kulitamka bila aibu. Neno msagaji tulilijua, ila lilikuwa la kutukania. Neno shoga, ambalo wanawake wa Mombasa waliitana kwa upendo wakimaanisha rafiki wa kike, huku bara lilifika likiwa tayari ni tusi la kuwatupia wanaume. Kwa hiyo hatukujiita chochote. Tulikuwa na vitanda viwili, kimoja cha nne kwa sita na kingine kidogo, na kila asubuhi kabla ya kutoka tulizikunjakunja shuka za kile kidogo ili mke wa mwenye nyumba, aliyependa kuchungulia akija kudai kodi, aone kwamba kimelaliwa.

Wageni wengi hawaelewi jinsi mji ule ulivyotuficha waziwazi. Wasichana wawili wanaofanya kazi kugawana kodi lilikuwa jambo la busara, na wanaume wawili vivyo hivyo. Kutembea barabarani mkiwa mmeshikana mikono hakukumshtua mtu, mradi muwe wa jinsia moja. Mwanamume na mwanamke wakifanya hivyo ndio walioangaliwa kwa jicho la pembeni. Nilipita Tom Mboya Street mchana kweupe nimeshikwa mkono na mpenzi wangu, na watu wakatupisha njia. Tatizo halikuwa barabarani. Lilikuwa kwenye barua kutoka nyumbani, kila mwezi wa Disemba, zikiuliza lini.

Sheria yenyewe ilikuwapo tangu ukoloni. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu, chenye mizizi katika sheria ambayo Waingereza waliitunga India mwaka 1860, kinaadhibu tendo la ndoa lililo kinyume cha maumbile kwa kifungo cha miaka 14; kifungu cha 165 kinawataja wanaume peke yao na kuwawekea miaka 5. Sisi wanawake hatukutajwa humo kwa jinsia yetu, na kwa muda mrefu nilidhani kutotajwa huko ni bahati. Baadaye niliona kwamba mtu ambaye sheria haimtaji huachiwa jamaa zake wamhukumu. Mpenzi wangu aliozwa mwaka 1995, na msimamizi wa bibi harusi nilikuwa mimi. Nilimshikia maua. Hilo sitalisema zaidi.

Kilichotuweka hai kilikuwa chama. Wasomaji wa Kenya wanakijua chama ni nini: wanawake hukutana, hunywa chai, huchanga fedha, na kila mmoja hupokea zamu yake. Chetu kilikutana Jumapili ya kwanza ya mwezi katika nyumba ya muuguzi mmoja aliyetuzidi sote umri, na tulikuwa kumi na mmoja. Mume wa jirani angepita dirishani angewaona wanawake wamezunguka birika, daftari liko mezani, mmoja anasoma kumbukumbu za mkutano uliopita, na angekuwa ameona ukweli mtupu, kwani chama kilikuwa chama. Kilininunulia jiko la mafuta na godoro. Kwa sababu yake tulipata hata neno letu la kwanza lisilouma: tukitaka kujua kama mtu ni mwenzetu, tuliulizana, "Yule ni mwanachama?" Mimi ndiye niliyekuwa mwandishi, na katika daftari lile kuna matumizi yaliyoandikwa "nauli" ambayo hayakuwa nauli ya kwenda kokote, zilikuwa fedha za kumtoa mtu mikononi mwa polisi kabla jina lake halijaandikwa kituoni.

Waliohitaji nauli hiyo walikuwa karibu wote wanaume. Wao walikuwa na mahali pao, kama vile baa moja ya ghorofani upande wa River Road, ambapo kaunta ilikuwa na wateja wa kawaida na pembe ya nyuma ilikuwa na wateja wengine, na wahudumu walijua na kunyamaza kwa sababu pembe ile ililipa vizuri. Polisi hawakuwa na haja ya kifungu cha 162, kinachotaka ushahidi. Waliitumia Sheria ya Uzururaji, ambayo ilifutwa mwaka 1997, au hawakutumia sheria yoyote, wakamwambia mtu waziwazi kwamba wanamjua ni nani na kwamba mwajiri wake angependa kujua pia. Mtu mwenye mshahara alikuwa shamba lao: walivuna, wakaondoka, wakarudi msimu uliofuata. Ajabu ni kwamba wanaume maskini, wasio na kazi ya kupoteza, walipigwa zaidi lakini walitozwa kidogo.

Kupitia kwa muuguzi nilimjua mwanamume nitakayemwita Mwalimu, aliyefundisha kemia katika shule ya upili pembezoni mwa jiji, na mwenzake nitakayemwita Fundi, mshonaji nguo aliyekuwa na kibanda chake sokoni. Walikaa pamoja katika mtaa wa Umoja, katika nyumba ya vyumba viwili. Mwalimu alikuwa Mkamba kama mimi, Fundi alitoka magharibi, upande wa Kakamega, kwa hiyo hata uongo wa kwamba ni binamu haukuwezekana. Majirani waliambiwa kwamba Fundi ni mpangaji mwenza, na cherehani yake, Singer ya kukanyaga kwa miguu, ilikaa sebuleni kwa sababu usiku alishona sare za shule ambazo kibandani hakuwahi kuzimaliza. Nilipenda kwenda pale jioni. Mwalimu husahihisha madaftari, cherehani hulia, chapati hupoa, na wawili hao hubishana kuhusu redio kama watu waliooana miaka ishirini.

Mwaka 1996 Mwalimu alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne na mama yake alikuwa ameanza kufunga na kuomba kwa ajili yake. Mimi nilikuwa nimebaki peke yangu na kaka zangu walikuwa wamekwisha kumtaja mjane wa kiume fulani mwenye watoto wanne. Makubaliano yetu yalichukua muda mfupi kuliko kusubiri basi: tulikuwa tumekaa kituo cha Machakos Country Bus, yeye akasema, "Je, tukiwapa wanachotaka?" nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Tulipomweleza Fundi alitutazama mmoja baada ya mwingine, akasema kwamba ni wazo zuri, akauliza tu kama ng'ambo ya pili ya wazo hilo kuna nafasi yake. Tulimjibu kwa haraka kwamba ipo, bila shaka ipo.

Wazee wa Mwalimu walileta ntheo kwetu sikukuu ya Pasaka. Asiye Mkamba anapaswa kujua kwamba ntheo ni mbuzi wanaopelekwa kwa wazazi wa msichana, na kwamba kwa mila zetu bila ntheo hakuna ndoa, na ikishapokewa ndoa ipo hata kama kanisani hamjafika. Sisi tulidhani tunacheza mchezo wa uchumba, kumbe siku ile nilikuwa nimeolewa. Na kuna jambo lililonichekesha kwa siri wakati mbuzi wale wakihesabiwa. Mama mzazi wa baba yangu alikuwa iweto: aliolewa na mwanamke, mama mwenye nyumba yake asiyejaliwa mtoto wa kiume, ili azae watoto wa nyumba ile. Baba yangu alilelewa akijua kwamba aliyetoa mahari ya mama yake ni mwanamke, na hakuona ajabu yoyote. Sitaki kudanganya kwamba lilikuwa jambo la mapenzi. Lilikuwa la urithi na ukoo, na mahakama yetu imekwisha kulitambua jambo la aina hiyo, kama ilivyofanya Mahakama Kuu ya Mombasa mwaka 2011 kuhusu ndoa ya wanawake wawili wa Kinandi. Lakini miaka mitatu baada ya ntheo yangu, Rais Moi alipotangaza kwamba mapenzi ya jinsia moja ni kinyume cha mila za Kiafrika na Biblia, baba alikuwa amekaa kando ya redio akitikisa kichwa kukubali, na mimi nilimtazama nikamfikiria yule mwanamke aliyekuwa mume wa mama yake.

Kwa mwaka mzima mchezo ulikwenda vizuri mno. Krismasi tulikwenda kwao, tukapewa chumba, Mwalimu akalala chini kwenye mkeka huku mama yake akitutakia usiku mwema kupitia mlangoni. Shuleni kwake waliacha kumuuliza maswali. Kaka zangu waliacha kunitafutia wajane. Naona sasa kwamba sote wawili tulipata kitu katika makubaliano yale, na tuliyempokonya hatukuona kwamba tumempokonya, kwa sababu alikuwa bado yuko palepale sebuleni, anashona.

Mwalimu alianza kukohoa katikati ya mwaka 1997. Hospitalini walikubali jamaa wa karibu tu nje ya saa za wageni, na jamaa wa karibu nilikuwa mimi. Fundi aliamka saa kumi alfajiri, akapika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai, akaja nami hadi langoni, akanikabidhi. Yeye alibaki chini ya mti mpaka nitoke. Daktari aliyekuwa na majibu ya damu aliniita mimi ofisini, akafunga mlango, akaniambia kwa upole kwamba mume wangu ana virusi vya Ukimwi na kwamba na mimi nipimwe bila kuchelewa. Hakuna aliyemwita aliyekuwa chini ya mti. Niliichukua habari ile nikampelekea mwenyewe, kando ya barabara, matatu zikipiga honi, na sikumwambia kwa ukamilifu. Nilisema, "Wanasema ni ule ugonjwa." Neno la kupimwa halikunitoka. Mabango yote ya Ukimwi tuliyoyaona mjini yalikuwa na picha ya mwanamume na mwanamke, na sijui kwa nini hilo lilinifanya nihisi kwamba ushauri wa daktari ulikuwa wangu peke yangu. Dawa za kupunguza makali zilikuwapo wakati ule kwa wenye fedha, na mshahara wa mwalimu haukuwa miongoni mwa fedha hizo. Alifariki wiki ya kwanza baada ya uchaguzi mkuu wa Disemba 1997.

Mikutano ya matanga ilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Gazetini tangazo la kifo lilinitaja mimi mara baada ya wazazi. Katika orodha ya michango, mchango mkubwa kuliko wote wa mtu mmoja ulikuwa wa Fundi, na mbele ya jina lake katibu aliandika "rafiki". Usiku wa kuamkia safari Fundi alinipima, mabega, kifua, kiuno, bila kusema neno, kisha akakaa kwenye cherehani yake mpaka jogoo walipowika, akanishonea gauni jeusi. Nilimuuliza kwa nini anajichosha, nguo nyeusi ninayo. Alinijibu kwamba watu watamtazama mjane, na hataki Mwalimu aaibishwe na mjane aliyevaa nguo iliyofubaa. Ndilo nililolivaa chini ya turubai.

Siku ya tatu baada ya mazishi, kaka mkubwa wa marehemu alikuja Umoja na lori na kipande cha karatasi. Alikuwa mtu wa haki kwa kipimo chake. Alinikalisha chini, akaniambia kwamba vyombo vya jikoni na godoro ni vyangu, na vingine vitakwenda nyumbani kwa wazazi. Fundi alikuwapo, amesimama mlangoni kama mpangaji anayesubiri kuambiwa lini ahame. Kaka alikuwa akitaja kitu kimoja kimoja na kukiandika: kabati, redio, meza, viti vinne. Akafika kwenye cherehani. Akauliza, "Na hii ni ya nani?"

Nilisema, "Ni yake."

Lugha yetu ina neno hilo moja kwa kila mtu. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba nilimaanisha yule aliyesimama mlangoni, na kwamba kaka ndiye aliyesikia vibaya akadhani ni marehemu. Sivyo. Nilijua atakavyosikia, na nilisema hivyo kwa sababu swali la pili lingekuwa ni kwa nini cherehani ya mpangaji iko sebuleni kwa mwenye nyumba, karibu na kiti cha mwenye nyumba, na la tatu lingenigusa mimi na ntheo na wazazi wangu. Hofu ilikuwa imenifundisha kujibu kabla ya kufikiri, na ilinifundisha vizuri. Vijana wawili waliinyanyua Singer ile wakaipandisha lorini juu ya magunia. Fundi aliwasaidia kuifunga kamba, kwa kuwa walikuwa wakiifunga vibaya na gurudumu lingevunjika.

Jioni ile nilianza kumwomba msamaha, akanikata. "Ungesema nini, dada?" Hakuwa na hasira, au aliificha mahali ambapo sikuweza kufika. Nilipoteza usingizi kwa wiki kadhaa, kisha nikaenda kwenye mkutano wa chama nikasimulia yote bila kujitetea. Muuguzi alisikiliza mpaka mwisho, akasema kwamba kulia hakushoni nguo. Tukachanga. Tulipata cherehani kuukuu ya soko la Gikomba, na katika daftari lile lililojaa nauli za uongo niliandika mstari mmoja usio na fumbo: cherehani moja, mali ya Fundi. Alitulipa kila shilingi ndani ya mwaka mmoja na nusu, ingawa hakuna aliyemdai.

Mambo yalibadilika polepole, tena kupitia mlango ambao sikuutarajia. Moi alipotangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa mwishoni mwa mwaka 1999, watu wa afya walianza kuuliza maswali ambayo wanasiasa hawakuyataka. Simu za mkononi zikaja, na mwandishi wa chama hakulazimika tena kupanga foleni mbele ya vibanda vya simu vya Posta Kuu ili kumwambia mtu kwamba mkutano umehamishwa. Mwaka 2004 watafiti waliwahoji wanaume 500 jijini Nairobi wanaofanya mapenzi na wanaume. Nakumbuka mshangao wangu, si kwa sababu ya majibu, bali kwa sababu wanaume 500 walipatikana. Sisi tulikuwa tumedhani tunajuana wote. Fundi alikuwa amekwisha kupimwa mwaka mmoja kabla, na majibu yake ni yake.

Januari 2007 Kongamano la Kijamii la Dunia lilifanyika Kasarani, na humo ndani mashirika mapya yaliweka hema lililoitwa Q-Spot, wazi, mchana, katikati ya umati. Nilimshawishi Fundi twende. Alivaa suti, mimi nikavaa gauni lile jeusi, ambalo alikuwa amelipanua kiunoni mara mbili tangu mwaka 1998, kwa maana alipolishona aliacha kitambaa cha vidole vitatu ndani ya mshono. Tulisimama nje ya hema kwa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ndani, vijana wa umri wa wanafunzi wa Mwalimu walikuwa wakizungumza kwa sauti kubwa na watu waliobisha, wengine waliotukana, wengine waliouliza tu. Nilimwangalia Fundi nikidhani atalia, au atataka turudi nyumbani. Alikuwa akitazama juu, kwenye bango la kitambaa lililotundikwa mlangoni, ambalo pindo lake lilikuwa limeanza kufumuka upande mmoja.

Akaingia, akamwamkua binti aliyekuwa mezani, akamuuliza kama wana sindano na uzi.